Pishi ya Huruma

Kwa mwanangu mpenzi Othman,

Assalamu alaikum mwanangu, amani ya Mungu ikufikie hapo ulipolala. Kwanza nakupa salamu za nyumbani, mmoja mmoja, maana ulipokuwa masomoni ulikuwa ukinigombeza: "Mama, usiniandikie 'wote hawajambo'. Nitajie watu." Haya, nakutajia.

Babaako anakusalimia. Yupo, sikio lake la kushoto limezidi kuziba, na asubuhi bado anakaa barazani upande uleule. Pahala pako hapakaliwi. Mtu akitaka kukaa anamwambia songa kule, na mtu anasonga, hamna anayeuliza. Bibi yako Bi Mgeni anakusalimia. Alfajiri akishasali huwataja maiti wetu wote kwa majina, wewe anakutia mwisho, kisha anarudi mwanzo na anakutaja tena, ati asije akawa kakusahau. Dadaako Riziki anakusalimia sana. Kajifungua salama, mtoto wa kiume, mweusi mzuri, ana kipaji chako cha uso. Tulitaka kumpa jina lako babaako akakataa. Akasema, "Nikiita Othman, nani ataniitikia naam?" Basi anaitwa Idi. Jirani yetu Bi Shemsa anakusalimia, na maneno yake hayajapungua. Na yule paka wako wa kijivu hajambo, analala juu ya cherehani yangu kama kainunua yeye.

Mjombaako Makame muda mrefu hakuleta salamu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mwalimu wa chuoni, anayesomesha Kurani, angesikia kama nnamwandikia maiti angenishangaa. Angesema, Bi mkubwa, mwombee dua, barua ya nini? Dua naomba, mwanangu, wala sipungui. Lakini dua ni ya kuzungumza na Mungu, na mie nilitaka kuzungumza na wewe. Tena herufi hizi za kizungu ulinifundisha wewe mwenyewe, hapa jikoni, kwa kaa la moto lililozimika, kwenye sakafu. Mie nilikuwa najua za chuoni tu, za Kiarabu. Sasa nikimwandikia mtu mwingine kabla yako naona kama nimekuibia.

Huku mambo yamegeuka. Michenzani wanajenga majumba marefu mpaka shingo inauma kuyatazama, na vibanda kadha wa kadha vimeshavunjwa. Kila wakija watu na kamba ya kupimia, nnasema leo ni zamu yetu Kikwajuni. Mchele unapangiwa foleni. Mie na Riziki tunapeana zamu, yeye na kitoto mgongoni, mie na miguu yangu hii. Usione nalalamika. Nakueleza tu.

Sasa sikiliza. Ntaanza mwanzo, si kama umesahau, ila mie nikianzia katikati napotea.

Unakumbuka ile siku uliyorudi kazini ukasema, "Mama, leo hupiki mpaka unipimie mchele." Umeazima mizani dukani. Ukanipa kibaba changu, ukaniambia pima, mimina kwenye mizani. Nikapima. Ukasema tena. Nikapima tena, kibaba kilekile, mkono uleule, mchele uleule, na mizani ikasema neno jingine. Ukamwita Riziki, ukamwita na Bi Shemsa kutoka kwake. Kibaba cha Riziki kikawa chepesi maana yeye ana haraka, cha Bi Shemsa kikazidi maana yeye anashindilia kwa kidole gumba. Bi Shemsa akashika kiuno: "Jamani, mtoto kasoma mpaka kasahau mchele unaliwa! Mama Othman, mwozeni huyu, atapima mkewe." Tukacheka, tukacheka, wali ukaliwa alasiri.

Kazi yako ilikuwa kukisia karafuu. Ofisi yenu ya serikali ilitaka kujua: shamba likichuma pishi kadhaa mbichi, kila pishi vibaba vinne, zikikauka zitatoa uzito gani. Ulizunguka mashamba msimu mzima, jua lako, mvua yako, unatazama watu wakipima pishi zao, kisha unarudi kutazama zilizokauka majamvini. Nikakuuliza, kazi gani hiyo inayotaka mtu aliyesoma? Si kila mwenye shamba anajua? Ukasema, "Anajua lake, Mama. Mie natakiwa nijue ya wote."

Ndipo ukachukua ungo wangu. Ukamwaga punje chache, ukasema kila punje ni shamba moja. Ya upande wa kulia imechuma pishi nyingi, ya kushoto chache. Iliyo juu imetoa karafuu kavu nyingi, iliyo chini imetoa kidogo. Ukazipanga zikapanda kama watu kwenye ngazi. Ukachomoa njiti ya ufagio, ukailaza katikati yao, njiti nayo ikapanda. Halafu ukautikisa ungo, kulia na kushoto tu, kidogo. Ukasema, "Huku kutikisika ndiko kukosea kwa pishi. Umekiona kibaba chako." Punje zikatawanyika. Ukailaza njiti upya, safari hii ikalala, haikupanda kama mwanzo. "Umeona, Mama? Inaonekana kama aliyechuma zaidi hakukausha zaidi sana. Si kweli. Ungo umetikiswa."

Nikasema basi inua njiti, kazi kwisha.

Ukacheka kicheko chako kile cha puani. Ukasema, "Ntainua. Nimepima pishi ileile mara mbilimbili, nnakisia ungo umetikiswa kiasi gani. Lakini kukisia huko nako kunaweza kukosea. Sasa nikishainua, pahala pa njiti napajua zaidi au napajua kidogo?" Nikakwambia kidogo. Ukachomoa njiti nyingine, na nyingine, kila moja ikawa na haki ya kukaa pale, zikaenea kama upepeo wa kupepea jiko. Ukasema, "Anayeinua njiti lazima atanue upepeo. Hii inaitwa nafasi ya kukosea. Wengi wanainua njiti, upepeo wanausahau."

Mie nikasema mbona hii ni kama kofia ninazoshona. Mtu akija kupimwa kichwa na nywele zake hajanyoa, na uzi wenyewe unavutika, sikati kitambaa palepale. Nakisia nywele, napunguza, lakini pindo naacha pana, maana nimekisia mara mbili. Ukanitazama mwanangu, ukanishika mashavu kwa mikono ina vumbi la mchele. Mkono ule nausikia mpaka leo.

Jioni ile ukaniambia pia kwamba mkubwa wako hapendi upepeo. Anataka namba moja. "Anaitaka kama anavyotaka chai yake, Mama, isiwe na majani." Nikakwambia mpe. Ukasema, "Nikimpa moja, kuna mtu ataumia." Hukusema nani. Mie sikuuliza, nilikuwa na mtungi wa maji kichwani nnautua.

Masika yakaja, homa ikakuchukua. Hayo siandiki. Ulikuwepo.

Msimu wa kuchuma ukarudi, na chumo hilo ofisi wakatoa hesabu yako. Njiti umeiinua, wamechukua ilivyoinuka. Upepeo wakauacha. Wakaenda nayo mashambani: shamba la fulani, pishi zako ni hizi, karafuu kavu ilikupasa ulete hizi, mbona umeleta hizi? Waliokaribia wakaachiwa. Waliopungukiwa sana wakaitwa. Na mwenye kupungukiwa kuliko wote kule Donge, mwanangu, ni mjombaako Makame.

Unajua jinsi mambo ya magendo yalivyo. Karafuu isiyofika mizani ya serikali inaambiwa imevuka maji. Mtu akishika jina hilo halimtoki hata akioga bahari nzima. Na ile eka tatu aliyopewa na serikali baada ya Mapinduzi ndiyo roho yake. Kabla yake hakuwa na mti hata mmoja wa kuutia mkono akasema wangu. Akaambiwa atakuja kusikilizwa mbele ya kamati, na kama hana la kueleza, shamba litatafutiwa mtu mwaminifu.

Bi Tatu mkewe akaja Kikwajuni. Hakuvua hata buibui. Alisimama mlangoni akasema, "Wifi, mwanao kafa, Mungu amrehemu, na mie nilimlilia. Lakini mkono wake umo shingoni mwa mume wangu." Akageuka akaenda zake. Babaako hakusikia akaniuliza kasema nini. Nikamwambia kasema hajambo.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa na mambo mawili, Othman, na kila moja lilinikaba. La kwanza, ndugu yangu wa tumbo moja anaitwa mwizi. La pili, anaitwa mwizi kwa hesabu yako, na wewe huwezi kujitetea. Nikisema hesabu yako mbaya, nakuzika mara ya pili. Nikisema nzuri, namzika Makame. Nilikuwa nikishona kofia ya mtu, tundu za ukingoni zinanipanda zinanishuka, nafumua, nashona, nafumua.

Kwanza nikenda kwa Salum, yule rafiki yako mliyekuwa mkikaa meza moja ofisini. Alinipokea vizuri maskini, akaniita Mama, akaniwekea mto. Nikamwambia mwanangu, ule upepeo wa Othman uko wapi? Akajua papo hapo nnasema nini. Akainama. "Ulikuwepo, Mama. Mkubwa alisema namba yenye shaka haina uso, haipelekwi mbele za watu. Ikaandikwa moja." Nikamwambia basi kaseme. Akatazama watoto wake wanacheza uani, akasema, "Mama, mie nina hawa." Sikumlaumu. Nilitaka kumlaumu, nikaona suruali yake ina kiraka magotini, nikamuombea heri nikatoka. Njiani ndipo nikalia.

Nikenda kwa Makame mwenyewe. Kwa nini zimepungua, ndugu yangu? Niambie mie, tumenyonya ziwa moja. Nikamwambia umeuza? Akanitazama jicho ambalo sitaki kutazamwa nalo tena. Akasema, "Hata wewe." Nikaomba radhi. Akasema, "Karafuu zangu zote zimekwenda mizanini. La zaidi sina, na nililonalo si langu kulisema." Mkewe akafungua kinywa, Makame akamkata: "Bi Tatu!" Bi Tatu akafunga kinywa, akaenda jikoni akawa anabamiza masufuria.

Siku ya kamati nilikwenda. Babaako alisema mwanamke aende wapi, nikamwambia huyo ni ndugu yangu na hesabu ni ya mwanangu, nisipokwenda mie aende nani? Nikachukua na ungo. Usinicheke! Niliona sina elimu ya kusema kama wewe, lakini ungo wewe mwenyewe uliutumia.

Walikaa ndani ya skuli ya pale, kamati mbele kwenye meza ya mwalimu, sisi kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Salum alikuwepo, kaletwa kusoma hesabu. Alisoma bila kuinua uso. Akaulizwa Makame, una la kueleza? Makame akasimama, kavaa kofia niliyomshonea siku tulipokusomea khitma. Akasema, "Nilichochuma nilikileta." Akakaa. Ndiyo hayo tu.

Basi mie nikasimama. Nikaanza vizuri. Nikasema pishi si pishi, nikasema kibaba changu na cha Bi Shemsa, nikamwaga punje kwenye ungo. Nikafika pale pa kutikisa, nikautikisa ungo kwa nguvu mno, punje zikaruka zikamwagika miguuni kwa watu. Mtu nyuma akasema, "Kuku wako wapi?" Chumba kizima kikacheka. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole, lakini alisema: "Bi mkubwa, pole kwa msiba. Hapa hatupepeti mchele." Maneno yote yakanipotea. Nilikuwa najua, Othman, wallahi nilikuwa najua, yalikuwa hapa kwenye ulimi, upepeo, njiti, pindo la kofia, na hakuna lililotoka. Nikainama naokota punje. Mchele wa foleni huo. Nikaona aibu kuuacha na aibu kuuokota.

Hapo nikiwa chini ndipo nikasikia bakora inagonga sakafu. Bi Mize. Unamkumbuka Bi Mize, kizee yule mjane anayechambua karafuu kwa mjombaako, mwenye macho yaliyoingia ukungu? Alikuja peke yake, kashika ukuta. Akasema kwa sauti ile yake ya kukwaruza:

"Mwenyekiti, karafuu mnazozitafuta zimo machoni mwangu."

Akagonga bakora tena.

"Mie konyo, kile kijiti cha shada, na karafuu sizitenganishi. Sioni. Nachambua kwa vidole, na vidole navyo vina ganzi. Pishi yangu ina makonyo tele, na haijajaa. Makame anajua. Anaiandika pishi kamili, nalipwa kamili. Jioni anakaa peke yake anachambua makonyo yangu anayatupa. Sasa mkikausha makonyo mtapata karafuu? Mwanangu huyu hakunipunja, alinizidishia. Kama kuna mwizi, mwizi ni mie."

Nikamtazama Makame. Alikuwa kajifunika uso na kofia yangu.

Kisha akasimama mwanamke mwingine, kijana, ana mtoto kifuani, akasema na yangu pia, tangu nimejifungua siwahi kujaza. Na mwingine. Hawakuwa wengi, lakini kila mmoja aliposimama alikuwa anajivua nguo mbele za watu, maana nani anataka kijiji kijue kalipwa kwa pishi isiyojaa? Ndiyo pishi ya huruma hiyo. Kule kwao wanaijua wote na hakuna anayeitaja. Mwenye kupima analegeza mkono, mwenye kupimiwa anatazama kando, na wote wawili wanasema bismillahi. Makame alikuwa radhi avuliwe shamba kuliko kuwavua wao.

Na hapo Salum akainua uso. Kwanza akakohoa. Akasema, "Mwenyekiti, marehemu aliweka nafasi ya kukosea. Alisema pishi hazilingani, na hesabu isitumike bila nafasi hiyo. Ilikuwa pana. Sisi tuliiondoa." Mwenyekiti akamuuliza, na shamba la Makame lingekuwa ndani ya nafasi hiyo? Salum akasema, "Lingekuwa ndani. Pembezoni, lakini ndani." Akakaa, jasho linamtoka kama kapanda mkarafuu. Tangu siku hiyo namuombea kila sala, yeye na watoto wake. Kazini bado yupo, lakini meza wamemhamishia chumba cha nyuma.

Kamati wakatoka, wakarudi. Shamba linabaki kwa Makame mpaka chumo lijalo, halafu litatazamwa upya. Hawakusema hana hatia, Othman. Walisema haijathibitika. Mie sikuridhika na neno hilo, nililisogeza ndani ya kichwa njia nzima ya kurudi. Kisha nikawaza, labda hivyo ndivyo ungesema na wewe.

Lakini kuna jingine linaloniuma, na hili sina wa kumwambia. Wametoa amri. Chumo lijalo kila shamba litapima kwa debe moja lililotiwa alama, linafutwa juu kwa ubao lisizidi, na makonyo yakionekana pishi inarudishwa. Watu wa ofisi wanasema sasa hesabu itakaa sawa. Itakaa, sikatai. Na Bi Mize? Bi Mize kasimama kumwokoa Makame, na kwa kusimama kwake kajifungia mlango. Pishi yake haitajaa tena. Nilimwambia, Bi Mize, umejiumiza. Akanijibu, "Mwanangu, mie ntakufa kesho keshokutwa. Makame ana watoto." Akanipiga begani na kiganja chake kile. Nitaeleza vipi kitu kama hicho? Kweli imesema, mtu kaokoka, na huruma imekatazwa siku ileile.

Juzi Makame kaja. Kakaa barazani pahala pako, babaako hakumwambia songa. Kanywa kahawa. Kisha kasema, "Dada, mwanao alikuwa anajua." Nikamuuliza alijua nini. Kasema, "Siku ile aliyokuja kutazama, alisimama karibu yangu jua zima nikipima. Bi Mize alikuja na pishi yake, Othman akaiona. Yule mwenye mtoto, siku hizo kichanga bado, alikuja, na yake akaiona. Hakuniuliza kitu wala hakuandika kitu. Jioni kanisaidia kubeba gunia, kaniambia, mjomba, una mkono mwepesi. Basi."

Tangu hapo siachi kufikiri. Nakumbuka uliporudi kutoka Donge ulikula kidogo, ukaisogeza sahani. Nakumbuka na lile neno lako, kuna mtu ataumia. Ungeweza kuandika kwamba Makame anapima vibaya, wangemkemea mapema, na kizee wa watu angekuwa kafukuzwa tangu zamani. Hukuandika. Ulitanua nafasi. Uliitanua kwa wote, ili yeye apite ndani yake bila kutajwa na Bi Mize apite nyuma yake. Au mie ndiye nnakupamba kwa vile wewe ni wangu na umekufa? Maana labda ilikuwa hesabu tu, ilitoka pana kwa sababu ndivyo hesabu inavyotoka, na huruma naitia mie mamaako. Nimekaa na maswali haya mawili kama mtu na watoto pacha wanaolia, nikimbeba huyu yule analia.

Nshaandika sana, mkono umechoka na Idi kaamka. Namalizia.

Nakuahidi jambo hili. Debe la serikali litafutwa kwa ubao, sawa. Lakini kibaba changu hakina alama. Bi Mize nimemwambia aje Kikwajuni kila Ijumaa, na akija nampimia mchele mpaka unamwagika, na Bi Shemsa naye anampimia kwa kidole gumba chake kile. Maadam nnapumua, pishi ya huruma haitakufa, itahamia jikoni kwangu. Na ile kofia yako ya harusi niliyoianza ukiwa mzima, nimeimaliza. Pindo nimeliacha pana. Naiweka, Idi akikua tutaona kichwa chake kinatakaje.

Salamu za mjombaako Makame hizi hapa, nimeziweka mwisho kwa kuwa ndizo zilizochelewa kuja. Kasema: "Mwambie Othman, mkono bado mwepesi." Kasema hivyo akakohoa, akaomba kahawa nyingine.

Lala salama mwanangu, ardhi ikuwie laini. Na swali langu nijibu. Ulijua, ukaacha nafasi kwa ajili yao, ndivyo? Nijie hata usingizini, uniambie neno moja tu, na usikawie, maana tangu nimwambie bibi yako ntakuandikia, kila asubuhi ananiuliza kama umeshajibu, na mie nimechoka kumwambia njia ni mbaya.

Mamaako